Kuiona Nchi Ndani ya Kitabu: Mandhari ya Hadithi na Wasomaji wa Njombe na Makambako

Utangulizi

Mtu asomaye hadithi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa macho ya kichwani huzifuata herufi, mstari baada ya mstari. Kwa macho ya moyo huijenga nchi inayosimuliwa na herufi hizo. Kazi ya kwanza hufundishwa tangu darasa la kwanza, na mwalimu huweza kuikagua kwa kumwambia mwanafunzi asome kwa sauti. Kazi ya pili haisikiki wala haionekani, na kwa ajili hiyo mara nyingi haifundishwi. Mwanafunzi huweza kufika kidato cha nne akijua kutamka kila neno la riwaya, lakini asijue mvua iliyonyesha katika sura ya tatu ilimlowesha nani, wala nyumba inayotajwa katika sura ya nne ina dirisha upande gani.

Makala haya yanakusudia kuitazama kazi hiyo ya pili katika historia ya hadithi zetu. Swali letu ni hili: msomaji wa Kiswahili ameionaje nchi iliyomo kitabuni, tangu zama za masimulizi ya motoni hadi zama za riwaya? Tutalitazama jambo hili kutoka Njombe na Makambako, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Sehemu hizi zimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ziko mbali na pwani na mbali na Ziwa Viktoria, ambako sehemu kubwa ya riwaya zetu mashuhuri ilizaliwa; kwa hiyo msomaji wa huku hulazimika kuiona nchi asiyoijua. Pili, nchi ya Njombe yenyewe imekwisha kuingia kitabuni, na kwa hiyo msomaji wa huku amewahi pia kukutana na nchi aijuayo.

Kabla ya kuendelea, yafaa tufasili maneno mawili. Mandhari ni mahali na wakati wa hadithi: ardhi, nyumba, vyombo, majira ya mwaka na saa ya mchana au usiku. Hali ni ile hisia inayotanda juu ya mandhari hiyo: hofu, utulivu, uchovu, furaha au mashaka. Mandhari huweza kuchorwa kwa makaa ukutani. Hali haichoreki, lakini msomaji mzuri huitambua kama mkulima anavyotambua mvua kabla haijanyesha.

Masimulizi ya Motoni

Babu zetu hawakuwa na vitabu, lakini hadithi walikuwa nazo. Katika vijiji vya Wabena, kama katika vijiji vingine vingi vya nchi yetu, ngano zilisimuliwa usiku, baada ya chakula, karibu na moto. Katika nchi ya baridi moto huo ulikuwa na kazi zaidi ya kupikia. Ndio uliowakusanya wakubwa na wadogo mahali pamoja, nao ndio uliowaweka hapo mpaka msimulizi amalize.

Tukizichunguza ngano hizo, tunaona kwamba maelezo ya mahali ni machache sana. Msimulizi husema palikuwa na mzee katika kijiji fulani, au sungura alikwenda mtoni, na hapo hapo huendelea na kisa. Hasemi mto huo ulikuwa na upana gani, wala kama kingo zake zilikuwa na matete. Mtu aliyezoea kusoma riwaya huweza kudhani kwamba wazee wetu hawakujali mandhari. Dhana hiyo si sahihi. Msimulizi hakuueleza mto kwa sababu kila mtu aliyekaa pale motoni alikuwa ameuchota maji asubuhi ile. Aliposema msitu, wasikilizaji waliona msitu wao. Aliposema fisi, wengine walisogea karibu zaidi na moto, kwa maana sauti ya fisi waliifahamu.

Nayo hali ya hadithi haikuhitaji maneno mengi. Sauti ya msimulizi ilifanya kazi hiyo. Alishusha sauti palipokuwa na hatari, alinyamaza palipokuwa na kifo, aliimba palipokuwa na arusi. Giza lililokuwa nje ya mlango lilikuwa sehemu ya hadithi, na moshi pia.

Basi zama hizo wasikilizaji wote walikuwa sawa mbele ya mandhari. Mandhari ilikuwa yao, nao waliijua kabla hadithi haijaanza.

Nchi Zisizo Katika Ramani

Hadithi ilipohama kutoka mdomoni kwenda katika karatasi, jambo moja kubwa lilibadilika. Mwandishi hakujua tena nani anamsikiliza. Kitabu kilichochapishwa kiliweza kusomwa Tanga, Tabora, Songea au Unguja, na wasomaji hao hawakuchota maji katika mto mmoja.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, alilitatua jambo hili kwa njia ya pekee. Kitabu chake cha Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinasimulia habari za nchi iliyo angani. Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote. Humo tunamkuta Karama, mtu aliyeshitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, akijitetea siku baada ya siku mbele ya mfalme na wakuu wa nchi, na kueleza habari za wajumbe waliopelekwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mawazo mema, wakaishia kifungoni. Maelezo ya majengo na mimea si mengi. Tunachokiona kwa wazi ni baraza: nani ameketi, nani amesimama, nani ana haki ya kusema, na nani amefungwa mdomo.

Wachambuzi wengi wamesema kwamba Shaaban Robert aliiweka nchi yake angani kwa kuwa Tanganyika ilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza, na ukweli uliosemwa wazi ungalimletea mwandishi matatizo. Hilo ni kweli, lakini lipo la pili la kuongeza. Nchi isiyokuwa mahali popote ni mali ya wasomaji wote. Mwaka 1951 mwalimu wa Njombe na karani wa Tanga walipokifungua kitabu hicho, hapakuwa na mmoja aliyemzidi mwenzake. Wote wawili walikuwa wageni Kusadikika, na wote wawili waliijenga nchi hiyo kwa vifaa walivyokuwa navyo. Huenda mmoja aliliona baraza la liwali, na mwingine akaliona baraza la mtemi. Maana ya hadithi haikupotea kwa yeyote.

Kwa hiyo katika zama hizi za pili wasomaji walikuwa sawa tena, ingawa kwa sababu iliyo kinyume na ile ya kwanza. Motoni, wote waliijua nchi ya hadithi. Kusadikika, hapakuwa na aliyeijua.

Hadithi Zapata Makao

Usawa huo haukudumu. Kuanzia mwaka 1960 hivi, hadithi za Kiswahili zilianza kushuka kutoka angani na kutafuta makao duniani. Mwaka huo Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi yenye makao yake Unguja, ambamo Bwana Msa huchunguza mauaji kwa akili na subira. Hadithi ya upelelezi haiwezi kukaa angani. Mpelelezi anahitaji mlango uliofungwa, njia iliyopitwa, kitu kilichoachwa mahali pasipo pake. Msomaji asiyeiona nyumba hataona kosa la muuaji. Hapo kwa mara ya kwanza mandhari ikawa ushahidi.

Katika miaka ya 1970 mlango ulifunguka kabisa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, na humo kisiwa cha Ukerewe na ziwa linalokizunguka vilipata nafasi yao katika fasihi ya taifa. Mwaka 1979 alitoa Gamba la Nyoka, kuhusu wanavijiji na mvutano wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Adam Shafi Adam alitoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatoa Kuli, inayotupeleka bandarini Unguja kati ya wachukuzi wa mizigo, hadi mgomo wao wa mwaka 1948. Mwaka 1980 ikatoka Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, ambaye alikuwa amekwisha kuiandika kwa Kikerewe kufikia mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitereza aliandika kwa sababu aliona kwamba maisha ya zamani ya Wakerewe yanatoweka. Kwa hiyo hakuacha kueleza namna ya kujenga, kulima, kuvua, kupika na kupokea mgeni. Katika kitabu chake mandhari si pazia la nyuma ya wahusika. Ni urithi unaokabidhiwa.

Hapo ndipo usawa wa wasomaji ulipovunjika. Kijana wa Ukerewe alipokifungua kitabu cha Kezilahabi, alikuwa nyumbani. Kijana wa Njombe alikuwa mgeni. Huyu wa pili hakuwahi kuona ziwa lisilokuwa na ng'ambo, wala bandari, wala mashamba ya mikarafuu. Alikuwa na njia mbili tu: kujitahidi kuiona nchi hiyo, au kuyaruka maelezo na kukimbilia mazungumzo ya wahusika. Wengi walichagua njia ya pili, na hakuna aliyewazuia.

Njombe Yaingia Kitabuni

Mwaka 1977 Tanzania Publishing House ilitoa riwaya ya C. G. Mung'ong'o iitwayo Mirathi ya Hatari. Ni hadithi ya kijana anayerithi uchawi wa baba yake, na makao yake ni nchi ya Njombe. Kwa wasomaji wa nyanda za juu za kusini jambo hili lilikuwa kubwa. Mpaka wakati huo kijana wa huku alikuwa amezoea kuamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba hadithi hutokea kwingine: penye minazi, penye jahazi, penye baraza la mawe. Sasa aliona kwamba hata nchi ya baridi na ukungu inastahili kuandikwa. Mwandishi huyo alitoa pia Njozi Iliyopotea mwaka 1980, na baadaye akawa mtafiti wa mazingira na maisha ya vijijini. Mwaka 1998 ilitoka taarifa yake ya utafiti kuhusu kilimo na uhamaji wa watu katika wilaya ya Njombe. Macho yale yale yaliyoitazama nchi kwa ajili ya riwaya yaliendelea kuitazama kwa ajili ya elimu.

Nchi yenyewe ni ya namna gani? Mji wa Njombe uko katika mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai baridi ni kali, na asubuhi nyingine umande huonekana umeganda juu ya majani. Katika majira ya mvua mianzi hugemwa na kutoa ulanzi, pombe ambayo bila ya kuitaja huwezi kueleza vizuri jioni ya kijiji cha Kibena. Tangu mwaka 1949, ilipoanzishwa kampuni ya miwati ya Tanganyika, vilima vingi vimefunikwa na miti ya kupandwa. Makambako iko chini kidogo, umbali wa kilomita 60 hivi, mahali penye upepo mwingi. Hapo njia kuu ya Iringa na Mbeya hukutana na njia ya Njombe na Songea, na hapo hupita Reli ya Uhuru, TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na kipande cha kutoka Mlimba hadi Makambako kilikuwa kigumu kupita vyote kwa wingi wa madaraja na mahandaki.

Mtu angedhani kwamba msomaji wa Njombe, akiisoma Mirathi ya Hatari, hana kazi ya kufanya: atatazama dirishani na kuona mandhari yote. Lakini hapa pana mtego. Kijana anayeisoma riwaya hiyo leo anaona nje ya dirisha mashamba ya miparachichi, nyumba za bati, na lami inayoteremka kwenda Songea. Njombe anayoijua ni makao makuu ya mkoa, ulioanzishwa mwaka 2012. Njombe ya mwaka 1977 ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Reli ilikuwa imekabidhiwa mwaka mmoja tu uliopita. Lami ya kutoka Makambako kwenda Songea haikuwapo, kwani ilijengwa katika miaka ya 1980. Safari ambayo leo ni ya saa moja ilikuwa ya vumbi au tope. Mgonjwa, mgeni na habari, vyote vilichelewa kufika. Katika kijiji kilichojitenga namna hiyo hofu ya uchawi hupata nafasi ya kukua, maana hakuna mlango wa kutokea upesi. Msomaji asiyeirudisha barabara ya vumbi mahali pake hataielewa hofu hiyo. Atawaona wahusika kuwa wajinga tu.

Basi hata mwenyeji ni mgeni wa wakati, na kwake pia kitabu kina haki ya kumsahihisha.

Msomaji na Vifaa Vyake

Turudi kwa kijana wa Makambako aliyepewa Kuli na mwalimu wake. Hajaona bandari. Je, asome bila kuona? La hasha. Anavyo vifaa. Amewaona wachukuzi wa kituo cha reli wakibeba magunia mgongoni. Ameona jasho lao hata siku ya baridi. Ameona namna wanavyogombea mzigo mmoja watu watano, na namna tajiri anavyotaja bei bila kuwatazama usoni. Hayo yote ni vifaa halali vya kuijenga bandari ya Unguja. Lakini baada ya kuanza na wachukuzi wake, hana budi kukifuata kitabu. Aondoe upepo wa baridi na kuweka joto la pwani. Aondoe behewa na kuweka meli na matishali. Aondoe uwanja mkavu na kuweka maji yenye kupwa na kujaa. Kila neno la mwandishi humwamuru atoe kitu kimoja na kuweka kingine, mpaka picha iliyobaki si Makambako tena, ingawa ilianzia huko.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoiona kuwa msingi wa jambo hili zima: msomaji huanza na alichonacho, kisha hukubali kusahihishwa na kitabu. Asiyeanza na alichonacho hataona kitu. Asiyekubali kusahihishwa ataona kijiji chake tu katika kila kitabu atakachosoma maishani mwake.

Wazee wa sehemu hizi waliijua kanuni hii kwa njia nyingine. Katika enzi ya ukoloni Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa vibarua wengi waliokwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba. Waliporudi walisimulia. Watu waliobaki nyumbani hawakuwahi kuuona mkonge, lakini walikuwa wameona mimea mingine yenye miiba, walikuwa wamehisi jua la mchana, na walijua uzito wa kazi ya kupimwa. Kwa vifaa hivyo waliijenga Tanga katika macho ya moyo, na palipokosewa, aliyerudi aliwasahihisha.

Tuchukue mfano mwingine. Wanafunzi wengi wamesoma tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Mandhari yake ni Ungarambe na bonde la Rufiji, mbali na Njombe. Hata hivyo vita vya Maji Maji vilifika hadi Ubena, na mwezi Septemba mwaka 1905 kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa. Mwanafunzi wa huku akikumbushwa hivyo, huacha kuviona vita hivyo kama jambo la watu wa mtoni peke yao. Ardhi anayoikanyaga akienda shule iliwahi kusikia kishindo kile kile. Baada ya hapo joto la Rufiji, mto na mashamba ya pamba vitamwingia akilini kwa urahisi zaidi, kwa sababu amekwisha kupata mahali pa kusimama.

Juu ya Hali ya Hadithi

Mandhari hujengwa kwa vitu; hali hutokana na mpango wa vitu hivyo. Waandishi wachanga hudhani kwamba ukitaka msomaji aogope, ni lazima uandike neno hofu. Wasomaji wachanga nao hulitafuta neno hilo, na wasipoliona husema hali haikuelezwa. Natoa mfano niliouunda mwenyewe kwa ajili ya darasa:

Treni ilipopiga honi kabla ya mapambazuko, mzee alilikaza koti lake, akalivuta gunia la viazi karibu na miguu yake, akahesabu tena fedha zilizokuwa kwenye leso.

Katika sentensi hii hakuna neno baridi, hakuna neno umaskini, wala hakuna neno wasiwasi. Lakini vyote vitatu vimo. Baridi imo katika koti lililokazwa. Wasiwasi umo katika gunia lililovutwa karibu, kwa kuwa mzee anaogopa kuibiwa katika giza. Umaskini umo katika neno moja dogo, tena: amekwisha kuzihesabu fedha hizo mara nyingine, nazo hazikuongezeka. Mwanafunzi wa Makambako huiona sentensi hii upesi. Mwanafunzi wa Bagamoyo atahitaji kuambiwa kwamba hapo ni nyanda za juu, na kwamba asubuhi ya huko huuma vidole. Akishaambiwa, naye ataiona, kwa kuwa mashaka ya mtu mwenye fedha chache yanajulikana Bagamoyo pia.

Kazi ya Mwalimu

Katika ufundishaji wa fasihi shuleni, mandhari huhesabiwa miongoni mwa vipengele vya fani, pamoja na muundo, mtindo, wahusika na lugha. Ni jambo jema kwamba imo katika orodha. Lakini orodha imezaa ugonjwa. Mwanafunzi hukariri kwamba mandhari ya kitabu fulani ni kijijini na mjini, huandika hivyo katika mtihani, hupata alama yake, na hapo safari huishia. Jibu hilo linafaa kwa riwaya mia moja, na kwa hiyo halisemi chochote juu ya hata moja.

Hasara yake si ndogo. Tukumbuke Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, ambapo mamilioni ya wananchi walihamishwa kutoka makao yao ya zamani kwenda vijiji vipya. Riwaya kadhaa zimeigusa habari hiyo. Mwanafunzi asiyeiona nyumba iliyoachwa, pamoja na kaburi la babu nyuma yake na miti iliyopandwa na mama, atajuaje kwa nini mhusika mmoja alikataa kuhama? Na asiyekiona kijiji kipya, pamoja na kisima na shule yake, atajuaje kwa nini mwingine alikubali kwa furaha? Mandhari isipoonekana, wahusika wote wawili hugeuka kuwa majina, na historia ya nchi hugeuka kuwa tarehe.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache ambayo mwalimu anaweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, kabla ya kujadili wahusika, darasa lichore ramani ya hadithi ubaoni: nyumba iko wapi, maji yako wapi, njia inakwenda wapi. Wanafunzi watabishana, na kila mbishi atalazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi.

Pili, wanafunzi wakusanye maneno ya mwandishi kwa mpango wa hisi: yanayoonwa, yanayosikiwa, yanayonuswa, yanayoonjwa na yanayoguswa. Wataona mara moja kama mwandishi ni mtu wa macho au wa masikio.

Tatu, waulizwe nani anaitazama mandhari hiyo. Shamba halionekani namna moja kwa mwenye shamba na kwa kibarua.

Nne, waulizwe mwaka. Palikuwa na gari? Palikuwa na redio? Barua ilichukua siku ngapi?

Tano, kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja juu ya mahali anapopajua, kisha aupeleke kwa mwenzake wa shule ya mbali, wa pwani au wa kanda ya ziwa, naye asome na kuchora alichokiona. Tofauti kati ya picha na maandishi itakuwa somo kwa wote wawili.

Wapo watakaosema kwamba vijana wa leo huziona picha za nchi zote katika simu na televisheni, na kwamba kazi hii imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba picha ya bandari sasa hupatikana upesi, na mwalimu mwenye nayo aitumie. Lakini picha huonyesha bandari, haionyeshi uchovu wa kuli anayeiangalia meli ya sita siku hiyo. Uchovu huo lazima msomaji autoe ndani yake mwenyewe na kumpa mtu asiyemjua. Hakuna chombo kitakachomfanyia kazi hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya mandhari katika hadithi zetu ina hatua tatu. Motoni, wasikilizaji wote waliijua nchi ya hadithi. Katika nchi za kubuni za Shaaban Robert hapakuwa na msomaji aliyeijua. Katika riwaya za miaka ya 1970 na kuendelea, baadhi ya wasomaji wanaijua na wengine hawaijui, na hali hiyo ndiyo tuliyo nayo hata sasa. Hatua hii ya tatu ndiyo ngumu kupita zote, lakini ndiyo inayolifaa taifa lenye makabila zaidi ya 120. Mtu wa Njombe akiweza kuiona Ukerewe kwa maneno, na mtu wa Unguja akiweza kuuhisi ukungu wa Njombe, kila mmoja amepata kumjua ndugu yake bila kulipa nauli.

Lakini ili mtu wa Unguja auhisi ukungu huo, ni lazima uandikwe. Vitabu vyenye makao katika nyanda za juu za kusini bado ni vichache ukivilinganisha na vya pwani. Pale Makambako, penye reli na njia panda, hupita kila siku watu wa kutoka pande nne za nchi, kila mmoja na safari yake; na katika vilima vya Njombe wako wazee wanaokumbuka miwati ya kwanza ilipopandwa. Walimu wa sehemu hizo wawaambie wanafunzi wao wachukue daftari na kuwaendea wazee hao mapema, wakawaulize nchi ilikuwaje, njia zilipita wapi, na usiku ulikuwa na sauti gani.